Muswada umerudishwa kabla ya kuhakikiwa: nianzie wapi kuurekebisha?

Mtafiti Chipukizi

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimetumia miaka miwili kufanya utafiti kuhusu vigeuzi vya umeme, nikaandika makala ya kurasa kumi na mbili na kuituma kwenye jarida la kiufundi. Siku ya nne tu ikarudishwa, haijamfikia mhakiki hata mmoja. Mhariri anasema kwamba vielelezo havisomeki, kwamba alama katika milinganyo hazina uthabiti, na kwamba sikufuata kiolezo cha jarida. Matokeo yenyewe hakuyagusa. Naomba mwenye uzoefu anieleze: nianze kwa kuhamisha kila kitu kutoka Word kwenda LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi na milinganyo kwa kuandika amri), au nianze na vielelezo? Vingi nilivipata kwa kupiga picha ya skrini ya programu, na kwenye kompyuta yangu vinaonekana vizuri.

Mpanga Chapa

Ndugu, anza na vielelezo, kwa sababu ndivyo mhariri anavyovitazama kwanza, na kwa sababu kinachoonekana vizuri kwenye skrini pana hakina budi kubanwa kiingie katika safu nyembamba. Majarida ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, kwa mfano, kwa kawaida hupangwa kwa safu mbili, na safu moja ina upana wa inchi 3.5, yaani milimita 88.9. Ukichora grafu yenye upana wa sentimita 30 na maandishi ya pointi 10, ikishabanwa katika safu hiyo maandishi yatabaki na ukubwa wa pointi 3 hivi, ilhali hata pointi 8 tayari ni maandishi madogo. Kwa hiyo usichore kwanza ndipo upunguze. Ipe programu upana halisi wa safu tangu mwanzo, kisha chapisha ukurasa mmoja kwenye karatasi na uusome ukiwa umeushika mkononi.

Picha za skrini ziache kabisa. Picha yenye upana wa pikseli 700, ikitandazwa kwenye inchi 3.5, inatoa nukta 200 kwa inchi, wakati kiwango kinachotakiwa mara nyingi ni angalau 300 kwa picha za kawaida na 600 kwa michoro ya mistari. Kuipanua kwa programu ya picha hakusaidii, maana programu hujaza nafasi kwa pikseli za kukisia. Toa grafu moja kwa moja katika muundo wa vekta, yaani unaohifadhi mistari yenyewe badala ya pikseli, kama vile PDF au EPS, na usiihifadhi kwa JPEG, kwani mgandamizo wake huacha ukungu kandokando ya herufi na mistari.

Mhakiki wa Zamani

Naunga mkono, nami niongeze kuhusu milinganyo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kasoro nzito zaidi. Mara nyingi nimesoma makala ambamo volteji ya kuingilia ni *V* yenye kitambulishi kidogo cha chini «in» katika mlinganyo wa tatu, inageuka «i» katika mlinganyo wa saba, kisha katika mchoro inaandikwa *v*₁. Mhakiki analazimika kusimama na kujiuliza kama hivyo ni vitu vitatu au kimoja, na akishaanza kushuku alama ataanza kushuku na hesabu. Tengeneza jedwali la alama zote, hata kama hutalichapisha, ulipitie mlinganyo kwa mlinganyo. Vigeugeu viandikwe kwa herufi za mlazo, vipimo kwa herufi zilizosimama, na pawe na nafasi kati ya namba na kipimo: 5 V, wala si 5V.

Kuhusu LaTeX, usihame kama jarida linapokea Word. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alibuni TeX, ambayo ndiyo msingi wa LaTeX, katika miaka ya 1970 kwa kutoridhishwa na namna kitabu chake kilivyopangwa chapani, na kwa milinganyo mingi bado ni chombo bora. Lakini kukijifunza huku ukisahihisha muswada ni kujiongezea mzigo. Muhimu zaidi, pakua kiolezo kutoka kwa jarida lenyewe, usiazime cha mwenzako.

Mtafiti Chipukizi

Nawashukuru sana. Nilipochora upya grafu ya tano kutoka kwenye data ghafi, niligundua kwamba mhimili wa mlalo uliandikwa milisekunde ilhali data ilikuwa katika mikrosekunde. Picha ya skrini ilikuwa imelificha kosa hilo tangu mwanzo. Sasa limebaki suala la ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala, na jarida hili linataka wahakiki wasiwajue waandishi.

Mhakiki wa Zamani

Afadhali umeliona wewe kabla ya mhakiki. Ikisiri iwe aya moja, isiyo na marejeo wala milinganyo. IEEE hutaka maneno kati ya 150 na 250. Usiandike kwamba «ufanisi uliongezeka», bali taja uliongezeka kutoka asilimia ngapi hadi ngapi, na kwa mzigo upi. Ama majina, kuyafuta kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi: fungua sifa za faili, ambamo Word huhifadhi jina la mwandishi, ondoa shukrani kwa wafadhili, na penye «katika kazi yetu ya awali» andika kana kwamba unamtaja mtafiti mwingine. Shukrani hizo utazirudisha makala ikishakubaliwa.