Tupeane uzoefu: wewe na kisu chako cha kazi, habari ilikuandikaje?

Kaka wa Mgema, Kilolo (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa tangu Februari. Leo naupandisha.

Mdogo wangu ni mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kwa wasioijua kazi hiyo: mvua zikianza na mianzi ikichipua, mgema anakata ncha ya chipukizi, anafunga mbeta, kopo la mwanzi la kukingia, halafu kila asubuhi na kila jioni anarudi kulichonga tena, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, lisije likaziba. Kisu kikiwa butu kinachanachana na chipukizi linaharibika. Kwa hiyo kisu cha mgema kinanolewa kuliko cha bucha, na saa zake za kutembea nacho ni alfajiri na magharibi, zile zile ambazo mtu mwenye kisu anaogopwa.

Jioni moja ikaibiwa pikipiki barabarani. Vijana sita wakakusanywa, naye akiwamo, kisu kiunoni. Kesho yake picha ikaanza kuzunguka kwenye simu, imetoka chaneli moja ya mtandaoni: vijana wamechuchumaa mstari mmoja, mbele yao turubai lenye visu viwili, panga na bisibisi. Kichwa cha habari kilisema genge la visu limenaswa. Kisu kipi cha nani, hakuna aliyeuliza. Siku ya pili mwenye pikipiki akasema huyu hakuwepo, akaachiwa. Kamera haikurudi. Mama yetu alionyeshwa ile picha baada ya ibada, mbele ya watu, na mpaka leo kuna nyumba hazinunui ulanzi wake.

Uliyeandikwa, unayeandika, uliyeumizwa na kisu kweli, karibuni. Nataka kuelewa.

Bucha ya Uyole

Pole sana mkuu. Mimi visu vyangu navifunga kwenye kiroba, ninapanda bajaji saa kumi na moja alfajiri kwenda machinjioni. Nimesimamishwa mara mbili, mara zote nikaeleweka kwa sababu aproni ilikuwa na damu ya jana. Fikiria, damu ndiyo iliyoniokoa. Angekuwa fundi viatu?

Mama wa Ng'ombe Wawili, Rungwe

Ndaga kwa kuanzisha hili, kaka. Huku kwetu ng'ombe wanafugwa bandani, kwa hiyo kila nyumba ina mtu anayeamka na mundu au panga kwenda kukata majani. Hatuogopani. Kisa changu ni kingine.

Jirani yangu aliuawa na mumewe. Kisu kilikuwa kile cha kumenyea ndizi, nilishawahi kukiazima. Redio ikasoma: mwanamke mmoja amefariki dunia baada ya kuchomwa na kitu chenye ncha kali, chanzo kikitajwa kuwa ni wivu wa mapenzi. Basi, ikaja habari ya bei ya parachichi.

Mimi nilikuwepo miezi minane kabla ya hapo. Niliona jicho lililovimba. Alishapeleka malalamiko kwa wazee mara tatu, akarudishwa mara tatu avumilie. Hayo hayakusomwa. Na lile neno wivu wa mapenzi limenikaa moyoni kama mwiba, kwa maana msikilizaji anajiuliza tu huyu mama alifanya nini hata mwenzake akapandwa na wivu. Hakufanya kitu. Alikuwa anauza ndizi. Habari ilimpa muuaji sababu, na marehemu ikampa "mwanamke mmoja".

Tena ile "kuchomwa na kitu": kama vile kitu kilitembea chenyewe kutoka jikoni.

Korespondenti wa Zamani, Iringa

Dada, pole. Nimeandika habari za namna hiyo kwa miaka tisa na nitasema ukweli wangu.

Maneno yale hatuyatungi. Kamanda wa mkoa anatoa taarifa kwa vyombo vya habari, imeandikwa tayari: kitu chenye ncha kali, wivu wa mapenzi, mtuhumiwa anashikiliwa, upelelezi unaendelea. Daktari anapochunguza mwili anaona jeraha, hakioni kisu, ndiyo maana polisi wanasema kitu chenye ncha kali mpaka kipatikane. Hiyo sawa, ni tahadhari. Kosa ni letu sisi: hata kisu kikishapatikana, hata mtu akishakiri, tunabaki na maneno yale yale kwa sababu ndiyo yaliyozoeleka.

Wengi wetu tulilipwa kwa habari iliyotoka, hatukuwa na mshahara. Kwenda Rungwe kumsikiliza jirani ni nauli yangu na siku nzima, na malipo yangekuwa yale yale ya aya nne. Kwa hiyo sikwenda. Na aliyeachiwa huru siyo habari ya kulipwa, ndugu yangu wa Kilolo. Hilo linaniuma kuliko yote.

Halafu picha. Niliwahi kutuma habari ya ugomvi kilabuni, kisu kilikuwa cha kumenyea viazi, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Ilipotoka ilikuwa na picha ya lijisu la kuwindia lenye meno ya msumeno, limeokotwa kwenye intaneti. Kisu kile hakijawahi kuonekana Iringa. Nikampigia mhariri, akaniambia picha inavuta wasomaji.

Mnakumbuka mwanzoni mwa Januari 2015, taharuki ya Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga kule Dar es Salaam, jioni moja watu wakakimbia na kufunga maduka kwa uvumi tu. Baada ya hapo hata huku tukaombwa "Panya Road wa kwenu". Kijana yeyote mwenye panga akawa anafaa.

Mfugaji, Usangu

Mimi nafupisha. Panga la mkulima likitajwa linaitwa zana. Sime yangu inaitwa silaha ya jadi. Kukiwa na ugomvi wa mashamba Mbarali, soma uone: wakulima "walijihami", wafugaji "walivamia wakiwa na silaha". Sime naitumia kukatia miiba ya boma na kuchunia. Baba yangu aliibeba, babu aliibeba. Mkutano wa kijiji nikienda naiacha nyumbani siku hizi, na bado wananitazama kiunoni.

Kovu la Mafiati

Wakuu naheshimu machungu yenu, ila na mimi nisikilizwe. 2019 nilikatwa begani na vijana watatu nikitoka kazini usiku. Nyuzi kumi na nne. Mkono wa kushoto haupandi juu ya sikio. Wale hawakuwa wagema wala wachunga ng'ombe. Na redio ilipotangaza matukio ya mtaa wetu wiki mbili mfululizo, ndipo ulinzi shirikishi ukaanzishwa na taa ikawekwa. Habari zilinisaidia. Msifike mahali pa kusema visu visitangazwe.

Kaka wa Mgema

Pole mkuu, na nashukuru umesema. Sitaki vinyamaziwe. Lakini angalia: kwako redio ilitaja mtaa, saa na njia, watu wakajua pa kuweka taa. Kwa mdogo wangu ilitaja kisu tu. Sheria yenyewe, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamshika anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu. Inauliza sababu. Habari ingeuliza tu kama sheria inavyouliza, mimi nisingeandika uzi huu.

Nesi wa Mbeya, yuko Uingereza

Nawasoma kutoka mbali. Huku sheria ya 1988 inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kifungio, makali yasiyozidi inchi 3, bila kueleza kitu. Zaidi ya hapo uwe na sababu nzuri, na kazi ni mojawapo. Masingasinga wanaruhusiwa kisu chao cha dini. Septemba 2024 walipiga marufuku England na Wales yale majisu yanayoitwa ya zombi. Ila magazeti yalishayachapa ukurasa mzima mara nyingi, na wapo wanaharakati wanaowasihi polisi na wahariri waache picha hizo: kijana akiziona anaogopa, akiogopa anabeba chake. Nikiwa wodini naliamini hilo. Wanaoletwa ni watoto, na wengine wanasema walibeba kwa woga.

Korespondenti wa Zamani, Iringa

Kaka wa Kilolo, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko ya namna hii, wala hulazimiki kuwa na wakili. Kama picha bado iko hewani, hifadhi nakala na tarehe yake. Nitumie ujumbe faragha, barua nitakuandikia mimi. Bure.

Kaka wa Mgema

Asante mkuu, nimekutumia. Picha bado ipo.

Dogo hatembei tena na kisu. Akimaliza kugema jioni anakifunga kwenye nailoni, anakifukia chini ya mianzi, anarudi mikono mitupu. Unyevu unaingia hata hivyo. Asubuhi anakikuta na kutu, anachuchumaa kwenye jiwe na kuanza kunoa, na wenzake wanakuwa wameshafika mwanzi wa kumi.