Gumzo la Kikundi: Majirani Sinza

Mama Rehema: Habari za jioni majirani. Daktari kaniambia presha haitashuka kwa vidonge peke yake, nitembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Nazunguka humuhumu uani hadi kizunguzungu. Ule uchochoro wa mtaroni siuthubutu.

Baba Neema: Pole mama. Mimi napita pale kila alfajiri nikienda kukimbia Chuo Kikuu. Saa 11:30 mama wa vitumbua keshawasha jiko, mlinzi wa ghorofani yuko nje anafagia. Pametulia kabisa.

Dada Nesi: Kaka, wewe mwanaume. Mimi nikitoka zamu ya usiku nashika funguo mkononi hadi nifike getini. Njia ni ileile, ila hatuipiti sawa.

Baba Neema: Hilo sikuwahi kuliwaza. Nisamehe dada.

Dada Nesi: Usijali. Nusu saa mara tano ndiyo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afikishe kwa wiki. Watoto ni saa nzima kila siku, na wa kwetu tumewafungia ndani na runinga kwa kuogopa bodaboda. Wengi ninaowaona kliniki si wavivu jamani, wanauogopa mtaa wao. Na asiyepita ndiye anaogopa zaidi, maana habari zote anazipata kwa kusimuliwa.

Bibi wa Kona: Zamani jioni tulitembeleana kwa miguu hadi Kijiweni, kila nyumba ukijua ni ya nani. Kuta zilipopanda, tukaanza kuogopana.

Mama Rehema: Shikamoo bibi. Ni kweli. Miaka tisa nipo hapa, huyo mama wa vitumbua hata simjui.

Bibi wa Kona: Marahaba mwanangu. Jumamosi nipitie twende wote. Polepole lakini, goti langu unalijua.

*Jumamosi*

Mama Rehema: Tumerudi! Kumbe mtaro ulishafunikwa zege! Mimi kichwani nilibaki na yule kijana aliyeporwa simu pale mwaka juzi, kila nikipafikiria namwona yeye. Leo tumesalimiwa njia nzima. Ila kona ya gereji taa haiwaki, na pale niliogopa kwelikweli, sitaficha.

Mjumbe: Hiyo taa naipeleka ofisi ya mtaa Jumatatu asubuhi.

Dada Nesi: Ahsante mjumbe. Mimi hiyo kona ndiyo naipita usiku.

Baba Neema: Dada, ukishuka kwenye daladala tuma ujumbe, mimi na mama Neema tutakuja kukupokea.

Mama Rehema: Na Jumanne saa 12 asubuhi natoka tena. Anayekuja agonge geti taratibu, mtoto amelala.