Mji ndani ya jengo moja: wa Saudia, wa Arizona, wa Alaska, au huu wetu?

MwanaMkomani
Assalamu aleikum jamaa. Nasomea usanifu wa majengo, mwaka wa tatu, na jambo hili linaninyima usingizi. Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ifunguliwe 2021, kila mtu anasema watu watakuja. Watakaa wapi? Nimeanza kulinganisha miji iliyojengwa, au iliyochorwa, kama jengo moja.

The Line ya Saudia ilitangazwa 2021. Kwenye mchoro ina urefu wa kilomita 170, upana wa mita 200, kimo cha mita 500, watu milioni 9, bila gari hata moja. Arcosanti iko jangwani Arizona. Paolo Soleri, aliyeunganisha usanifu na ikolojia kuwa neno moja, "arcology", alianza kuijenga 1970 akikusudia watu 5,000. Mpaka leo wanaoishi pale ni makumi tu. Halafu kuna Whittier, Alaska: karibu mji mzima unakaa ndani ya Begich Towers, jengo la ghorofa 14 lililojengwa na jeshi la Marekani miaka ya 1950. Posta na duka vimo humo humo, na watoto huenda shule kwa njia ya chini ya ardhi wasikanyage theluji.

Mimi navutwa na Whittier kwa sababu watu wanaishi kweli. Nyinyi mwasemaje?

BahariaWaManda
Dada, mimi niko na The Line. Piga hesabu: 170 mara 0.2 ni kilomita mraba 34 kwa watu milioni 9. Nikitoka Mokowe kwenda Hindi, huku bara ya Lamu, naona vichaka vinafyekwa, viwanja vinapimwa, kila mtu na nyumba yake katikati ya nusu ekari. Tukiendelea hivyo hata mikoko haitasalia. Tupande juu, ardhi ipumzike.

MajiMalindi
Ndugu Baharia, ardhi ni sawa, lakini maji? Mimi kazi yangu ni mabomba. Sisi Malindi tunakunywa mto Sabaki: visima viko Baricho, na maji yanasukumwa kwa umeme. Umeme ukipotea kule, mifereji inakohoa hewa huku, na kufikia jioni mikokoteni ya mitungi imejaa barabarani.

Sasa lipandishe hilo jengo lako. Kuondoa chumvi kwenye lita 1,000 za maji ya bahari hula kilowati-saa 3 hadi 4. Kuzifikisha lita hizo hizo mita 500 juu hula nyingine zaidi ya moja. Kila siku, kwa kila familia. Na anayekaa ghorofa ya mwisho hana kisima cha jirani cha kukimbilia.

Gede, ule mji wa kale, iko karibu na kwangu. Misikiti, jumba, mitaa ya mawe, yote imesimama bila mtu. Kushuka kwa maji ya visima ni moja ya sababu zinazotajwa na wachimbaji wa mambo ya kale kwa watu kuhama karne ya 17.

FundiChokaa
Mwanangu, umeuacha ule wa vioo, Biosphere 2, huko huko Arizona. Mwaka 1991 watu wanane walifungiwa ndani miaka miwili, hewa yao humo, chakula chao humo. Oksijeni ikashuka kutoka karibu asilimia 21 hadi 14 na kitu, ikabidi waongezewe kutoka nje. Vijidudu vya udongo ule wenye rutuba vilikuwa vikila oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, na zege mpya ikainywa kaboni ile kabla mimea haijaigeuza.

Kijana wangu aliponisomea habari hiyo niliweka mwiko chini. Chokaa ndivyo inavyokauka! Unaizima kwa maji, unapiga lipu, kisha lipu inakunywa hewa taratibu mpaka irudi kuwa jiwe. Ukibonyeza kidole gumba mapema kinaacha alama. Baada ya miaka hata msumari unapinda. Wataalamu wote wale, na ukuta ukawanywea hewa.

BiKidaka
Mwanangu MwanaMkomani, mbona hukuuweka mji wako wa Lamu kwenye hesabu? Kuta zangu unene wake ni toka kiwiko hadi ncha za vidole, na mchana ndani ni baridi. Bibi yangu alipomwoza mwanawe, akaongeza wikio juu ya njia, chumba kimoja, kikashika ukuta wa jirani kwa ridhaa yake. Mji huu uliongezeka hivyo, chumba kwa chumba, alipohitaji mtu.

Lakini nisikudanganye, hatujitoshelezi. Maji yetu ni mvua iliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, na watu wanajenga juu ya vilima hivyo. Jambo hili linaniuma sana.

MwanaMkomani
Shikamoo Bibi, shikamoo Ami. Nilikuwa nimepanga majedwali kwa idadi ya watu. Naanza upya kwa maji. Nachora mtaa wa Mokowe: nyumba za ghorofa tatu zilizogusana, na birika la mvua chini ya kila kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba.

MajiMalindi
Hapo nakuunga mkono. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Anzia hapo, ndipo upime birika.

BahariaWaManda
Ghorofa tatu hazitatosha, dada. Weka angalau sita. Sijakubali bado.

BiKidaka
Birika langu lina ufa tangu Ramadhani, na wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu nimewahamishia kwenye ndoo. Njoo upime hilo kwanza.

FundiChokaa
Bibi, chokaa ninayo, nimeizima mwezi uliopita. Jumamosi baada ya Asri niko mlangoni. MwanaMkomani, njoo na futi yako.