Kutomfunga mtumiaji ndiyo kuhalalisha unga?

Kaka_Mtu:
Wakuu, mdogo wangu ana mwezi wa tisa kwenye methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga (heroini). Kila asubuhi anakunywa dozi mbele ya nesi, anakwenda zake. Juzi kazolewa kwenye msako. Mahabusu siku tatu bila dozi, arosto (maumivu ya kukosa dawa) ikamkunja. Alipotoka hakwenda kliniki, alikwenda kwa muuzaji. Nimesema nyumbani bora tungefanya kama Ureno, wasiomfunga mtumiaji, baba mdogo akanijia juu: "Unataka unga uuzwe dukani?" Ureno walihalalisha kweli?

Nesi_Mstaafu:
Pole, mwanangu. Kabla ya Ureno, huyo kijana arudi kliniki leo, na aseme ukweli kwamba kakosa siku tatu na katumia. Mwili ukishapoteza mazoea, dozi ya zamani inaweza kumlaza asiamke. Wataanza chini na kumpandisha taratibu. Na mwambie baba mdogo methadoni iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005.

Kifungu36:
Ureno hawakuhalalisha. Tangu Julai 2001, ukikutwa na kiasi kisichozidi matumizi yako ya siku kumi, huendi mahakamani. Unaitwa mbele ya tume ndogo ya watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Muuzaji bado anafungwa. Hata Mkataba wa 1961 wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya, ambao kila serikali inajificha nyuma yake, unafungua kwa kutaja afya na ustawi wa binadamu, na unaruhusu mtumiaji apewe tiba badala ya adhabu. Watu hawausomi, wanautaja tu.

Sikubaliani:
Mbona hamtaji Oregon, lile jimbo la Marekani? Walifuta jela kwa mtumiaji Februari 2021, Septemba 2024 wakairudisha.

Kifungu36:
Mkuu, hapo umenibana, ila tazama mpangilio. Oregon adhabu iliondoka mara moja, fedha za tiba zikachelewa. Mtu alipewa faini ya dola 100, ifutwe akipiga simu kupimwa hali yake. Wengi hawakupiga. Ureno tume ilikuwa na mahali pa kumpeleka mtu anapokubali tiba.

Sikubaliani:
Basi tatizo ni fedha, si sheria.

Nesi_Mstaafu:
Huyu kijana fedha ilikuwepo, dozi ilikuwepo. Aliyekosekana dirishani ni yeye, kwa kuwa alikuwa ndani.

Kaka_Mtu:
Nimetoka naye kliniki sasa hivi. Wamempunguzia dozi, kanuna njia nzima. Baba mdogo nimemtumia huo utangulizi wa 1961, kausoma, hajajibu.