Mdogo wangu ameanguka mjengoni Mamboleo, nani alipe?

Wadau, habari zenu. Mdogo wangu ni kibarua wa mjengo hapa Kisumu. Alikuwa akimpandishia fundi mawe juu ya lenta, ubao wa kupandia ukakatika, akaanguka na kuvunjika mguu. Mwenye ploti anasema kazi yote alimpa fundi mkuu, vibarua si wake. Fundi naye hana bima. Sasa wameleta karatasi: achukue elfu 15 na asaini kwamba hana madai tena. Ana watoto, na kodi inadaiwa. Asaini?

Wakili wa Mtaa: Asisaini, tafadhali. Sheria ya mafao ya walioumia kazini ya 2007, hii tunayoiita WIBA, haiangalii ubao ulikatika kwa kosa la nani. Mwajiri anatakiwa awe na bima, na asipokuwa nayo deni bado ni lake. Matibabu ni juu yake. Kijana asipoweza kufanya kazi kabisa, analipwa mapato yake hadi miezi 12. Mguu ukibaki na kasoro, daktari anatoa asilimia, kisha mapato ya miezi 96 yanazidishwa kwa asilimia hiyo. Kama alikuwa akipata 20,000 kwa mwezi na daktari aseme 10%, hiyo ni 192,000. Linganisha na elfu 15 yao.

Fundi Kibos: Pole sana ndugu. Mafundi wengi huchukua kazi ya leba, yaani ufundi tu bila vifaa, wakidhani mwajiri ni mwenye ploti peke yake. Ukiajiri vijana na kuwalipa, wewe ndiwe mwajiri wao! Meseji za M-Pesa asifute hata moja. Na kile kitabu cha foreman chenye majina, kurasa zake zipigwe picha leo, maana vitabu hivyo hupotea haraka.

Mwenye uzi: Asanteni. Fundi ndiye alikuwa akimtumia M-Pesa kila Jumamosi, lakini hata mbao zilikuwa za mwenye ploti.

Wakili wa Mtaa: Basi elezeni hivyo hivyo, na muwataje wote wawili. Mjulisheni fundi kwa maandishi. Akishapata taarifa ana siku 7 kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Akinyamaza, nendeni wenyewe ofisi ya huyo mkurugenzi. Madai yafike ndani ya miezi 12. Msianzie mahakamani: Mahakama ya Juu iliiunga mkono sheria hii 2019, na madai huanzia kwa mkurugenzi. Wakitoa hela ya dawa pokeeni, ila karatasi ya kufuta madai irudi nao.