Tupeane uzoefu: umeumia uwanjani, mashabiki wanasema unaogopa

Mwana Katuba

Ndugu zangu, nianze na mimi mwenyewe, maana siwezi kuwaomba ninyi mseme ya kwenu wakati ya kwangu nimeyafunika.

Vakansi iliyopita, yaani likizo ya shule, mwezi wa nane, tulikuwa kwenye mashindano ya mtaa hapa Katuba, Lubumbashi. Uwanja wetu mnaujua ulivyo wakati wa kiangazi. Udongo mwekundu, mgumu kama tofali, vumbi tupu. Upande wetu kulikuwa na winga wa miaka 19, kijana mwembamba mwenye mbio. Kipindi cha pili alipokea mpira pembeni, akampiga beki chenga, akageuka ghafla kuingia ndani, akaanguka. Hakuna aliyemgusa, na hilo ndilo lililotuudhi. Tulikuwa nyuma kwa bao moja. Yeye yuko chini ameshika goti, sisi pembeni tukaanza: "Simama, we! Iko naogopa! Iko natafuta kutoka!" Mmoja akamwambia akavae sketi ya dada yake. Mimi nilimwambia anakula bukari, ugali wa mama yake, bure. Nililisema kwa sauti kubwa, watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka.

Baada ya dakika kama tatu akasimama. Akatembea, akakimbia kidogo. Tukapiga makofi: "Munaona? Hana kitu!" Akacheza robo saa nzima. Halafu akageuka tena kama mara ya kwanza, goti likamwacha, akaenda chini bila hata kuweka mikono. Usiku goti lilikuwa limejaa kama boga. Mpaka leo hajacheza.

Nimelibeba hili muda mrefu. Nataka kusikia kwa wale waliokuwa chini pale, na kwa wale waliokuwa pembeni kama mimi. Semeni ilivyokuwa kweli.

Kine wa Kamalondo

Mkubwa, mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, kazi yangu ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao, na kisa chako nakiona karibu kila vakansi. Ngoja nikwambie kilichotokea ndani ya lile goti, maana pembeni hakionekani.

Ndani ya goti kuna ligamenti mbili, kamba zinazounga mifupa, zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele inauzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, na inalishika goti unapogeuka. Mara nyingi inakatika bila mtu yeyote kukugusa: mguu umekanyaga, umeshika ardhi, mwili unageuka, goti linabaki. Wengi wanasikia mlio, "pa!", kama kijiti kikavu. Maumivu yanakuwa makali, halafu yanapungua. Baada ya dakika chache mtu anaweza kutembea, hata kukimbia, mradi aende moja kwa moja. Ndiyo maana mlidhani hana kitu. Ligamenti hiyo inadai deni lake siku ya kugeuka. Na ile mara ya pili, goti linapocheza bila kitu cha kulishika, ndipo meniski zinaposagwa, vile vigegedu vya katikati vinavyobeba uzito. Ule uvimbe wa usiku ni damu iliyojaa ndani.

Kwa hiyo kuanguka kwa kwanza kulikuwa kwa ajali. Kwa kuanguka kwa pili, naomba unisamehe mkubwa, mlikuwa na mkono wenu.

Mzee wa Reli

Vijana, mimi ni shabiki wa timu ya Lupopo tangu utotoni, lakini mwaka 1967 na 1968 niliwaona wale wa upande wa pili, Mazembe, enzi hizo wakiitwa Englebert, wakileta kombe la Afrika hapa mjini mara mbili. Wachezaji wa wakati ule walikuwa wanakanyagwa, wanafungwa kitambaa, wanarudi. Hatukuwaona wakilia. Mpira ni kazi ya mwili, na anayeingia anajua. Mtu akisimama baada ya kuumia, uwanja mzima unampenda. Mimi sioni ubaya wa kumwambia kijana asimame. Baba yangu aliniambia hivyo hivyo nilipoanguka kwenye baiskeli.

Beki Namba Tatu

Mzee, shikamoo. Mimi nilisimama. Wacha nikwambie habari ya kusimama.

Nilikuwa beki wa kushoto kwenye timu moja ya ligi ya mji, jina lake naliacha. Wiki moja kabla ya nusu fainali kifundo changu kiligeuka mazoezini. Kilivimba, kikawa na rangi ya zambarau mpaka kwenye vidole. Mashabiki wa mtaani walikuwa wananipitia nyumbani, na hawakuja kuniangalia, walikuja kuniuliza, wakiniita yaya, yaani kaka. "Yaya, utacheza? Au umeshanunuliwa na wale?" Hilo la kununuliwa ndilo lililoniuma. Mtu ukisema unaumwa, kuna watakaosema unaogopa, na kuna watakaosema umekula franga za wapinzani. Wengine wakamwambia mama yangu kwamba nimetupiwa dawa, aende akaulize kwa mganga.

Siku ya mchezo kiongozi mmoja alikuja na mtu mwenye sindano. Walinidunga kwenye kifundo palepale kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mguu uko juu ya benchi. Baada ya muda sikusikia kitu. Ninakumbuka nilikuwa nakanyaga chini kama nakanyaga kwa mguu wa mtu mwingine. Nilicheza dakika 90. Tulishinda. Walinibeba mabegani mpaka barabarani, na nisiwadanganye, ile ilikuwa jioni nzuri kuliko zote nilizoishi.

Asubuhi sikuweza kushuka kitandani. Hakuna aliyenipeleka kupiga radio, ile picha ya mifupa. Nilipelekwa kwa mzee mmoja wa kuunga mifupa, komini ya Kenya hapa hapa mjini, akanikanda kwa maji ya moto na majani, akavuta, nikalia kama mtoto. Simlaumu. Yeye alifanya anachokijua, na ameponya wengi wenye mikono iliyoteguka. Ila mfupa wangu ulikuwa na ufa, na yeye alikuwa anavuta juu ya ufa. Radio nilikuja kuipiga baada ya wiki tatu kwa hela ya shangazi yangu. Timu waliniambia: rudi kwanza uwanjani, halafu tutazungumza. Sijarudi, hatujazungumza.

Yule aliyenibeba bega la kulia nilikutana naye sokoni. Akanitazama kwenye mikongojo, akasema: "We bado tu?" Sasa nina miaka 38. Baridi ya mwezi wa sita ikiingia, naamka saa tisa usiku, nakaa pembeni ya mbabula, jiko la makaa, nakikanda kifundo. Siwezi kuchuchumaa. Mzee, unasema uwanja mzima unampenda anayesimama. Ni kweli, ulinipenda.

Mzee wa Reli

Marahaba, mwanangu. Nimesoma mara mbili. Kwenye avenyu yetu yuko mwenzangu aliyecheza zamani, mnayemkuta na fimbo kila asubuhi. Miaka yote namsalimia, na sijawahi kumwuliza fimbo ilianza lini.

Shabiki wa Jukwaa la Jua

Tuseme na upande mwingine. Wachezaji wenyewe wametufundisha kutowaamini. Timu inaongoza moja bila, dakika ya 80, kipa analala, beki analala, mtu anabebwa kwenye machela na akifika kwenye mstari anaruka kama mbuzi. Mwaka mzima tunaona hivyo. Siku mtu ameumia kweli, utamtofautisha vipi? Mimi nimewahi kumzomea mtu aliyevunjika, na sikujua mpaka nilipoona kipa wa upande wa pili anafunika uso.

Kine wa Kamalondo

Kweli wapo wanaojiangusha, na wanawaibia wenzao walioumia. Lakini kutofautisha si kazi ya jukwaa. Mwachie mwamuzi na mwenye sanduku la dawa.

Niongeze moja, maana wengi wanauliza "mbona bado?" kama yule wa sokoni. Ligamenti ikitengenezwa kwa upasuaji, wanachukua mshipa (kano, si wa damu) kutoka mguu wako mwenyewe na kuupachika ndani ya goti. Ule mshipa unahitaji miezi mpaka uwe hai pale. Kurudi uwanjani ni karibu miezi tisa, mara nyingi mwaka. Bolasie wa Leopards yetu, timu ya taifa ya Kongo, aliumia goti akiwa na Everton mwezi wa 12 mwaka 2016, akarudi mwishoni mwa mwezi wa 12 mwaka 2017. Na yule alikuwa Uingereza, ana madaktari, bwawa la kuogelea, mashine, chakula kilichopimwa. Kijana wa Katuba ana ndoo ya maji na kaka yake.

Na wanaokimbilia kurudi mnamkumbuka Ronaldo wa Brazil. Mshipa wa goti uliharibika mwezi wa 11 mwaka 1999, akarudi tarehe 12 Aprili 2000 kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Aliingia kutoka benchi, dakika chache tu akapiga chenga, akaanguka peke yake, goti limekatika kabisa. Hakuna aliyemgusa yeye pia. Alikaa nje muda mrefu, na Kombe la Dunia la 2002 akafunga mabao manane. Yale mabao yalikuwa yamelala ndani ya miezi ile watu waliyosema amekwisha.

Halafu kuna woga wenyewe, tusiukatae. Mtu anaporudi, goti linatangulia kupona, kichwa kinafuata nyuma. Nina vijana wenye goti zima kabisa wanaofunga macho kabla ya kugeuka. Huo nao tunautibu, polepole, hatua kwa hatua. Ukimzomea pale, unamrudisha mwanzo.

Dada wa Ruashi

Kwetu wasichana ni mara mbili. Nikianguka na kushika goti, wanasema "munaona, mupira si wa bibi". Nikisimama na kucheza, wanasema nimekuwa mwanaume. Na goti hilo linatukata wanawake zaidi kuliko wanaume, aliniambia daktari aliyenipima. Nililia uwanjani, ndiyo. Nililia kwa sababu nilisikia ule mlio na nilijua maana yake, rafiki yangu alikuwa ameupata mwaka mmoja kabla.

Tangu dada zetu wa Mazembe walete kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2024, kelele zimepungua kidogo. Sasa wanasema "simama kama wale wa Mazembe". Sijui kama hiyo ni heri.

Mdogo wake Kipa

Kaka yangu alipigwa goti kichwani akitoka kudaka. Alisimama haraka, watu wakamshangilia: huyu ndiye mwanaume! Baada ya dakika kumi akaniita nyuma ya goli, mimi nilikuwa naokota mipira, akaniuliza: "Tunacheza na nani?" Nikadhani anatania. Akaniuliza tena. Nilikuwa na miaka 12, niliogopa kumwambia kocha kwa sababu watu walikuwa wanaimba jina lake.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma habari ya Kramer wa Ujerumani, fainali ya Kombe la Dunia 2014. Aligongwa kichwa, akaendelea kucheza, akamwendea mwamuzi kumwuliza kama hii ni fainali. Walimtoa dakika ya 31. Nilipofika hapo niliweka simu chini.

Kaka anaishi, anafanya kazi. Mwanga mkali unamsumbua mpaka leo.

Mama Chapati

Mimi si wa kabumbu sana, ila ninauza karibu na uwanja na hapa nina runinga. Tarehe 17 Machi 2012 vijana walikuwa wamejaa kwangu wakiangalia mchezo wa Uingereza, Tottenham na Bolton. Yule Muamba wa Bolton, mtoto aliyezaliwa kwetu Kongo, akaanguka mwenyewe katikati ya uwanja. Kijana mmoja hapa akasema "simama basi, we". Halafu tukaona wanamkandamiza kifua. Nyumba nzima ikanyamaza. Mafuta yangu yaliungua jikoni, sikuyajali.

Baadaye tulisikia kwamba moyo wake ulisimama dakika 78, na Mungu akamrudisha. Na kwamba kati ya waliomsaidia alikuwemo daktari wa moyo aliyekuja kama shabiki tu wa ile timu nyingine, akateremka kutoka jukwaani akaomba apitishwe. Yule kijana aliyesema "simama" alirudi kesho yake kunilipa chapati, akalipa na za wenzake wote, hakusema kitu.

Mwana Katuba

Nimesoma zote. Yaya Namba Tatu, asante, hiyo habari ya mbabula saa tisa usiku imeniingia. Mama Chapati, na wewe asante.

Jana nilikwenda nyumbani kwa yule winga. Nilikaa uani na baba yake kwanza, kama inavyotakiwa, nikamweleza nilichokisema siku ile, neno kwa neno, na lile la bukari. Baba hakujibu. Akamwita mkewe, akaniambia nirudie mbele yake, maana bukari ni yake. Nikarudia. Mama akaniangalia, akasema: "Nilikuwa pale. Nilikuwa namwita atoke." Akaingia ndani.

Kijana alitoka anachechemea. Nikamwuliza kama alitusikia siku ile. Akasema alisikia makelele tu, hakutofautisha mtu na mtu. Ila sauti ya mama yake aliisikia vizuri, na aliona haya kutoka uwanjani kwa kuitwa na mama, ndiyo maana alisimama akacheza.

Kine, nimempa namba yako kama tulivyoandikiana pembeni. Hajafanyiwa upasuaji, mguu umekonda, paja la kulia ni nusu ya la kushoto. Jumanne asubuhi nitampitia kwa pikipiki nimlete Kamalondo, na Jumanne zote zinazofuata mpaka utakaposema inatosha. Mafuta ni juu yangu. Anauliza kama aje na viatu vya mpira au vya kawaida.

Kine wa Kamalondo

Vya kawaida. Na aje na kaptula.