Naomba ushauri: theluji imewafurahisha watoto, lakini mimi nahofia barafu

Ndugu zangu, theluji ya kwanza ya majira haya ya baridi imeanguka usiku, na watoto wangu wamefurahi hata wakasahau kula, ilhali mimi na mume wangu tumeamka tukinung'unikia kazi ya kuondoa theluji kwa koleo. Kinachonitia hofu hasa ni njia ya mlangoni, kwa sababu theluji huyeyuka mchana, kisha maji yake huganda usiku joto linaposhuka chini ya nyuzi 0, na mama mkwe wangu, ambaye ni mzee, hupita hapo kila asubuhi. Chumvi ya kawaida, ambayo humwagwa njiani ili kuyeyusha barafu, hupungua nguvu sana baridi inapokuwa kali. Je, nimwage mchanga badala yake ili watu wasiteleze, au niiondoe theluji mapema kabla haijakanyagwa ikashikamana?